Takataka za Mheshimiwa

Nchi yetu ni safi. Naanza na hilo kwa sababu ndivyo redio yetu inavyoanza kila asubuhi, kabla ya taarifa ya habari na kabla ya matangazo ya vifo, na mimi sina nguvu ya kubishana na redio. Usiniulize iko upande gani wa dunia. Ukitaka kuijua, subiri mwaka wa uchaguzi, utaisikia harufu.

Zamani wagombea wetu walituomba kura kwa pilau, fulana na kanga. Wahisani hawakupenda, wakasema ni rushwa. Wakatuletea wataalamu, wataalamu wakakaa hotelini, wakatoka na Sheria ya Mapenzi ya Mazingira. Tangu hapo, mtu akitaka ubunge sharti aonekane kwenye televisheni ya taifa akisafisha mahali. Asiyesafisha, jina lake haliingii kwenye karatasi ya kura. Pilau limepigwa marufuku kabisa, isipokuwa likiliwa baada ya usafi, kwa ajili ya kurudisha nguvu.

Mwaka wa kwanza wa sheria hiyo mambo yalikwenda vibaya. Mgombea mmoja, mtu mwenye nia njema, alikwenda kusafisha dampo la kweli. Alishuka kwenye gari, akavuta pumzi ili aanze hotuba, akatapika mbele ya taifa zima. Mbaya zaidi, alitapikia bendera ya chama. Alipata kura ya mke wake na ya mama yake, na wapo wanaosema mama alisita. Baada ya hapo vyama vyote vilikubaliana jambo moja, na ndilo pekee vilivyowahi kukubaliana: mgombea hapelekwi penye uchafu. Mgombea anapelekwa mahali pasafi, halafu uchafu unapelekwa kumfuata.

Ndiyo maana walikuja mtaani kwetu.

*

Mtaa wetu unaitwa Bondeni, na nyumba yetu iko chini kuliko zote. Nyuma yake unapita mtaro unaokusanya maji ya mtaa mzima na kuyapeleka kwenye kalavati, chini ya barabara kuu. Kalavati likiwa wazi, mvua na inyeshe inavyotaka. Kalavati likiziba, maji hayana pa kwenda ila kwetu, kwenye chumba anacholala mama.

Mama yangu hatembei. Alipata kiharusi mwaka ule kaka yangu alipofariki, na mpaka leo yuko kitandani anatazama mlango. Mimi nashona nguo za watu barazani. Aliyekuwa akimgeuza mama, akimwosha na kumlisha, ni wifi yangu Perpetua, mjane wa kaka. Ndugu zake walikuja kumchukua msiba ulipokwisha. Akawauliza, "Nikiondoka, huyu mama mtamgeuza nyinyi?" Wakanywa chai, wakaaga.

Perpetua alikuwa na ugonjwa wa kufagia. Alfajiri anafagia uwanja, anafagia njia, anafagia mbele ya nyumba za watu ambao hawakumwomba. Kisha anashuka mtaroni na mti mrefu wenye ndoano, anachokoa kalavati mpaka aone mwanga upande wa pili. Asipouona mwanga, hanywi chai.

"Wifi, utafagia mpaka udongo uishe," nilikuwa namwambia.

"Na wewe utashona mpaka macho yaishe. Sogeza miguu."

*

Wa kwanza kuja alikuwa Bwana Kilinda, Mkurugenzi wa Mandhari wa Chama cha Ufagio. Alivaa miwani ya jua na viatu vyeupe. Alisimama katikati ya njia yetu, akavua miwani, akaweka mkono kifuani, akazunguka polepole kama mtu anayeonyeshwa mchumba.

"Pasafi," alisema kwa sauti ya chini. "Pasafi kupita kiasi. Nani anafagia hapa?"

"Mimi," alisema Perpetua. Alidhani anapewa zawadi.

"Hongera sana, mama. Taifa linakutazama. Kuanzia leo usifagie."

"Nisifagie?"

"Atafagia Mheshimiwa Lukumbo."

Perpetua alimtazama juu mpaka chini. "Na mgongo wake ule? Nilimwona kwenye televisheni, hata kukaa anakalishwa."

"Mama, hayo ni matusi."

"Matusi gani? Nampa pole."

Mchana likaja lori. Takataka za humu nchini zinanuka, kwa hiyo chama kilikuwa kimeagiza za nje: chupa zilizooshwa kwa sabuni, makopo yasiyo na kutu, maboksi makavu ya vyakula ambavyo hatujawahi kuviona. Jirani yetu Mama Sikitu aliokota kopo, akalinusa, akasema linanukia kuliko kabati lake la nguo. Vibarua walizimwaga takataka hizo kuanzia mlangoni kwetu mpaka ukingoni mwa mtaro, kisha wakazipanga kwa mkono, Kilinda akielekeza.

"Ile chupa ilale. Ilale kiuchafu, bwana, mbona umeisimamisha kama iko dukani? Kopo lile lisogee, litamziba Mheshimiwa."

Mheshimiwa Lukumbo alifika kesho yake na magari mengi mno. Yaliegeshwa kwenye uwanja wa shule, masomo yakasimama, na watoto wakaambiwa huko ndiko kujifunza mazingira. Alivaa glavu nyeupe na buti zenye bei bado imebandikwa kisiginoni.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Uchafu ni adui! Na uchafu hauna chama! Lakini usafi una chama, na chama chenyewe mnakijua! Mimi, kwa unyenyekevu wangu, unyenyekevu ambao nathubutu kusema hakuna mwanasiasa mwenzangu anayeufikia hata nusu, nimekuja kuinama mbele yenu!"

Akainama. Wasaidizi wawili walimshika kiuno. Akaokota chupa moja, akainyanyua juu, watu wakapiga makofi. Mpiga picha akasema samahani Mheshimiwa, kamera ilikuwa haijawashwa. Chupa ikarudishwa chini, ikaokotwa tena. Mara hii jua lilikuwa limejificha. Ikarudishwa, ikaokotwa. Mwishowe Mheshimiwa alitafuta pa kuitupa, akakatazwa kutumia pipa, kwa sababu lilikuwa la kukodi na lilitakiwa kurudi safi. Basi chupa akapewa msaidizi, na msaidizi akailaza palepale ilipotoka. Kiuchafu.

Tuliohudhuria tuligawiwa maji kwenye vichupa vidogo vyenye sura ya Mheshimiwa. Tulikunywa, tukatupa chini. Hizo ndizo takataka pekee za kizalendo zilizokuwepo siku ile.

*

Magari yalipoondoka, Perpetua alichukua ufagio wake. Hakufika mbali.

"Shemeji, weka chini."

Aliyesema ni Njopeka, mgambo wa mtaa, mtu mzima aliyekuwa rafiki wa kaka yangu. Sare aliyovaa nilimshonea mimi. Alikuwa anazungushia rundo utepe wa plastiki wenye sura ya Lukumbo, sura baada ya sura, zote zikitabasamu.

"Niweke chini nini? Nafagia."

"Hivi ni vifaa vya kampeni. Tume ya Uchaguzi imesema. Mabango, fulana na uchafu wa mgombea haviguswi mpaka matokeo yatangazwe. Kuvigusa ni kuingilia uchaguzi. Ni jela, shemeji, si mchezo."

"Njopeka, umekula ugali wangu wewe?"

"Nimekula sana."

"Ulipokwisha kula, sahani chafu nilikaa nayo mpaka matokeo yatangazwe?"

"Shemeji, usinitie majaribuni," alisema Njopeka, akaendelea kufunga utepe.

Hatukukaa sana, wakaja watu wa Chama cha Toroli. Mgombea wao, Mheshimiwa Gaudensia, asingeweza kusafisha takataka za mpinzani. Hiyo ingekuwa kumfanyia kampeni. Akaja na zake. Zilikuwa za hapahapa nchini, zimetoka sokoni, zimepuliziwa manukato.

"Mwenzangu amewaletea uchafu wa kigeni!" alisema Mheshimiwa Gaudensia. "Mimi nimewaletea uchafu wa kwetu! Uchafu unaowafahamu! Uchafu unaojua shida zenu!"

Watu walishangilia. Na mimi nilishangilia, sijui kwa nini. Labda mikono imezoea tu. Mheshimiwa alisukuma toroli jepesi la plastiki, tupu, kutoka kamera ya kwanza mpaka kamera ya pili. Kisha toroli likapandishwa juu ya rundo na kuachwa pale liwe kumbukumbu. Manukato yalipokwisha nguvu, jua likaanza kazi yake. Nyanya zilipasuka. Kitu fulani chini ya majani ya kabichi kikawa kinatoa povu. Mama kitandani aligeuza uso ukutani, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kutazama mlango. Perpetua akabandika kanga dirishani, na kila jioni aliitoa ikiwa nyeusi kwa nzi.

Kwenye televisheni, wataalamu walikuwa wanalinganisha marundo hayo mawili. Walikubaliana kwamba demokrasia yetu imekomaa.

*

Mawingu yalipoanza kukusanyika, Perpetua alikwenda kwa Mtendaji wa mtaa, nami nikamsindikiza. Mtendaji alikuwa anakunywa maji ya vichupa vyote viwili, cha Lukumbo mkono huu na cha Gaudensia mkono huu, ili asionekane ana upande.

"Bwana Mtendaji, mvua inakuja, na takataka ziko ukingoni mwa mtaro."

"Takataka za nani?"

"Za wote wawili."

"Vizuri. Ofisi yangu haipendelei."

"Sisemi upendelee. Nasema zitaingia kwenye kalavati. Kalavati likiziba, maji yanaingia kwa mama mkwe wangu. Hawezi kuinuka kitandani."

"Amejiandikisha kupiga kura?"

"Hatembei, nakwambia."

"Ipo machela ya wapiga kura. Siku ya kura atabebwa. Serikali haimsahau mtu."

"Basi mbebeni leo."

"Leo si siku ya kura, mama."

Perpetua alikaza kanga yake. Kisha akauliza, "Na mvua je?"

"Mvua haimo kwenye ratiba. Tume ilipanga kampeni zote zifanyike kiangazi."

"Kiangazi si kimekwisha? Tazama juu."

Mtendaji hakutazama juu. "Kimeongezwa," alisema. "Kwa tangazo."

Tulipofika njiani Perpetua aliketi juu ya jiwe akacheka mpaka akashika mbavu. "Kimeongezwa, wifi! Umesikia? Kwa tangazo!" Sikuwa nimemwona akicheka namna ile tangu kaka afe. Nilikaa karibu yake, nikacheka na mimi, machozi yakatutoka, na wapita njia wakatupisha. Halafu akajifuta uso kwa kanga, akasema, "Twende tukainue kitanda cha mama."

Tulikiinua kwa matofali, kadiri matofali yalivyotosha.

*

Mvua ilipuuza tangazo. Ilianza baada ya chakula cha mchana, ikanyesha kama imetumwa. Takataka za nje ndizo zilizoondoka kwanza, kwa kuwa zilikuwa nyepesi na safi. Zilielea kwa mpangilio, chupa nyuma ya chupa, zikashuka mtaroni. Za ndani zikafuata kwa uzito wake, zikajaza nafasi zilizobaki. Vichupa vyenye sura ya Mheshimiwa vilipita mlangoni kwetu vikitabasamu. Punde maji ya mtaro yakasimama. Kisha yakaanza kurudi.

Yaliingia chumbani yakiwa meusi, na majani ya kabichi juu yake. Yakafunika tofali la kwanza. Mama tangu augue hasemi sawasawa, lakini neno moja alilitamka vizuri siku zote. "Pepe," aliita. "Pepe."

"Nipo, mama." Perpetua alijifunga kanga kiunoni, akachukua mti wake wenye ndoano. Akaniambia, "Wewe kaa naye. Mshike kichwa kiwe juu. Usimwachie hata nyumba ikilia."

Nilimshika mama. Kupitia mlango wa uani niliona yote.

Njopeka alikuwa amesimama ukingoni chini ya mwavuli wa chama, analinda kilichobaki.

"Shemeji! Usiguse! Nitalazimika kukuandika jina!"

"Liandike! Si unalijua!"

"Shemeji, nina watoto! Kazi yangu ndiyo hii!"

"Na mimi nina mama! Piga filimbi yako, usinichoshe!"

Njopeka akapiga filimbi. Alipiga kwa bidii, mashavu yamejaa, huku Perpetua akishuka mtaroni. Alivuta kwa ndoano maboksi yaliyovimba kama maiti za mbuzi. Alivuta kamba, matunda yaliyooza, mashada ya chupa. Maji yalimfika kifuani. Kilichoziba mdomo wa kalavati kilikuwa lile toroli la kumbukumbu. Lilikuwa limeingia kichwa chini na kukwama. Akatupa mti, akalishika kwa mikono yote miwili, akaweka mguu ukutani, akavuta.

Lilitoka. Nilisikia sauti kama koo kubwa linameza. Maji yote ya Bondeni yaliondoka kwa pamoja kuelekea pale aliposimama.

Njopeka alitema filimbi. Akaukata utepe kwenye rundo, akamrushia, na Perpetua akaudaka. Naandika tena ili nisije nikasahau: aliudaka. Njopeka alivuta. Utepe ukanyooka, na sura ya Mheshimiwa ikarefuka, tabasamu likapanuka, likapanuka, likawa pana kuliko uso wenyewe, kisha ukakatika.

Wakati huohuo maji yalishuka chumbani. Godoro la mama lilikuwa kavu.

Walimpata upande wa pili wa barabara, katikati ya chupa safi.

*

Salamu za rambirambi zilifika kabla hatujamwosha. Chama cha Ufagio kilitangaza kwamba marehemu alikuwa mwanachama wake wa siku nyingi, kwani alimiliki ufagio. Chama cha Toroli kilijibu kwamba alikufa ameshika toroli, na ushahidi huo hauhitaji maelezo. Tume ilisema kwamba, kwa huruma, haitamshtaki. Ila ili uchaguzi uwe wa haki, takataka zilizochukuliwa na maji zirejeshwe mara moja, kila chama na kiasi chake. Lori la takataka lilifika mtaani kabla ya jeneza. Njopeka alifikishwa mahakamani kwa kukata utepe wa mgombea.

Wanawake wa mtaa walikwenda makaburini asubuhi ya mazishi, wakaifagia njia yote mpaka penye shimo. Hawakuambiwa na mtu. Hapakubaki jani.

Padri alikuwa ndiyo kwanza anafungua kitabu nilipoviona viatu vyeupe. Bwana Kilinda alisimama mwisho wa njia ile iliyofagiliwa. Alivua miwani yake ya jua, akaweka mkono kifuani, akazunguka polepole.

"Pasafi," alisema.

Akatoa simu. "Leteni lori huku makaburini. Ndiyo, lote. Mheshimiwa atamfagilia marehemu kaburi. Hapana, wafiwa watasubiri, nitaongea nao."

Mbele yangu palikuwa na kapu la mabaki, maana wachimba kaburi walikuwa wamekula hapo: maganda ya ndizi, maganda ya machungwa, mifupa ya samaki. Nililitazama kapu, nikalitazama jeneza. Nilijua Perpetua angenifanya nini kama angeniona. Nikalinyanyua kapu, nikalimwaga juu ya njia.

"Wifi wa marehemu amechanganyikiwa," mtu alinong'ona. "Mshikeni."

"Hajachanganyikiwa," alisema Mama Sikitu. Alikuwa amemsikia Kilinda kama nilivyomsikia mimi. Alichukua ndoo ya maji yaliyooshewa dagaa wa wachimba kaburi, akayamwaga taratibu mpaka yakafika kwenye viatu vyeupe. Kisha mwingine akamwaga makapi. Mwingine akapangusa pua ya mtoto wake na kutupa kile kitambaa. Walioifagia njia ile kwa mikono yao waliichafua kwa mikono hiyohiyo, huku wanalia. Jua lilikuwa kali. Nzi hawakuchelewa.

Kilinda alikunja pua. Alirudi nyuma hatua, akashika tumbo.

"Ghairini," aliiambia simu. "Panatia kinyaa. Mheshimiwa ana tumbo jepesi. Hawa watu sijui wanaishije." Akaondoka huku anafuta viatu kwenye majani.

Tulimzika kwa utulivu, padri akisoma huku anafukuza nzi.

*

Lukumbo alishinda. Sasa ni waziri, na wizara yake ndiyo hiyohiyo ya usafi. Kampeni za uchaguzi ujao zilianza siku alipoapishwa, ili wananchi wasisahau mazingira.

Bondeni hatufagii tena mbele ya nyumba. Nyuma, mahali pasipoonekana, nachokoa kalavati kwa mti wake mpaka nione mwanga. Mama namgeuza mimi. Akiita "Pepe," naitika.

Jumapili nakwenda kaburini na ufagio, kwa mazoea tu, na ninarudi nao bila kuutumia. Majani makavu nayaacha yalipoangukia. Natoa mfukoni maganda niliyokuja nayo, na siku nyingine kichwa cha samaki, nayaweka juu yake yeye ambaye hakuwahi kunywa chai penye uchafu.

"Nisamehe, wifi," namwambia. "Sogeza miguu."

Nasimama hapo mpaka nzi wa kwanza atue. Akishatua, najua kwamba leo hawatakuja, nami narudi nyumbani.